Ringi Zilizoandikwa JUU

"Hivi wewe ukivaa hizo glavu, yeye ndiye anayekushika mkono, au wewe ndiye unayemshika yeye?"

Jirani yangu Mama Chiku aliniuliza hivyo wiki niliyomaliza eda. Alikuwa amekuja kurudisha ungo wangu, akanikuta gereji nimevaa glavu za marehemu, nakaza nati za hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Nikamjibu kwamba glavu ni kazi, si mume. Akacheka. "Haya, kazi njema," akasema, akaenda zake na ungo wangu mkononi, amesahau kuuacha.

Ni miaka mitatu sasa.

Glavu zenyewe ni nyepesi, rangi ya maziwa yaliyoungua, zimefumwa kwa nyuzi ambazo ukizitazama mwangani zinatambaa kama sisimizi. Mume wangu, Fundi Bashiru Mbura, alizivaa miaka miwili ya mwisho ya kazi yake, nazo zikajifunza kila alichofanya: nguvu ya kukaza, mahali pa kusita, namna ya kupapasa chuma na kujua kama kimechoka. Alipofariki kwa ugonjwa wa kifua, zikabaki na mikono yake. Ukizivaa, vidole vyako vinavutwa taratibu kuelekea vinakopaswa kwenda. Baraza la Mikono likazitolea nakala, likazipeleka gereji thelathini na nane, kutoka hapa Kondoa mpaka Sumbawanga. Zile za asili zikabaki kwangu. Mimi ndiye mtunzaji, na bila kidole gumba changu hakuna anayeweza kufungua kumbukumbu zake.

Siku ninayotaka kuisimulia ilianza kwa sauti ya Mzee Dosa.

"Hodi hapa! Nimewarudishia mlevi wenu!"

Alikuwa getini na mkokoteni wa punda wanne. Injini ya pampu ya maji ya kijiji cha Masange ilikuwa imefungwa kamba juu yake kama ng'ombe anayepelekwa mnadani.

"Shikamoo, Mzee Dosa. Mlevi gani tena?"

"Marahaba, Bi Sikudhani. Huyu hapa. Niliwaletea injini iliyokufa, mkanirudishia iliyofufuka. Nashukuru. Lakini imefufuka na kiu! Saa tano, lita moja ya oili. Saa tano nyingine, lita nyingine. Wanawake wa Masange wanakamua mbegu za nyonyo kupata hiyo oili mpaka viganja vinachubuka, na huyu bwana anasema bado."

Fundi mwenzangu Zamoyoni akatoka chini ya trekta, anajifuta uso. Ndiye aliyeifunga injini ile mwezi uliopita, yeye na glavu. Ni mama wa watoto wawili, na kibati chake cha ufundi, kilichoning'inia msumarini pale ukutani, kilikuwa hakijatimiza mwaka. Alikisubiri miaka sita.

"Labda inavuja, mzee," akasema.

"Inavuja wapi, binti yangu? Kuku wangu analalia chini yake. Kuku mweupe. Mpaka leo mweupe."

Nilicheka. Zamoyoni hakucheka. Nilijua anahesabu nini. Injini iliyofanyiwa matengenezo makubwa ikirudishwa kabla ya kutimiza saa mia moja za kazi, lazima Baraza lipewe taarifa. Hii ilikuwa na saa themanini na mbili. Ndani ya wiki mkaguzi hufika, na huuliza maswali mawili tu: kosa ni nini, na mkono ni wa nani. Aliyekosea hunyang'anywa kibati, akaanza upya kukisubiri. Ni sheria kali, lakini sababu yake naikumbuka. Mwaka wa pili tangu majivu yaanze kushuka kutoka angani, kijiji kimoja kilikaa wiki tatu bila maji kwa sababu fundi aliuona ufa akaupaka rangi.

"Tanki lenu lina maji ya siku ngapi?" nikamuuliza Mzee Dosa.

"Sita. Saba, tukiacha kuoga." Akajinusa kwapani. "Mimi nimeshaanza."

* * *

Tulianzia nje, kwa sababu cha nje hakihitaji spana.

Tuliiosha injini, tukaikausha, tukaipaka majivu yaliyochekechwa mwili mzima, kisha tukaiwasha na kuifungia mzigo. Oili ikivuja, hata iwe kidogo kama jasho la shingo, majivu yanalowa na kukuonyesha njia. Majivu hatuna shida nayo siku hizi. Yanashuka yenyewe kutoka mbinguni, na ndiyo yaliyofanya sola zitoe robo ya umeme wake na hizi injini za mababu zitolewe mabandani. Baada ya saa mbili tukaizima. Majivu yalikuwa makavu kama tulivyoyapaka.

Maji ya rejeta nayo yalikuwa safi, hayana utando wa mafuta. Basi oili haimwagiki, wala haiingii kwenye maji. Ilibaki njia moja.

"Inaiunguza," nikasema.

Na kweli, moshi wake ulikuwa na ubuluu, ule wa mafuta yaliyosahauliwa jikoni.

"Sili za valvu," Zamoyoni akasema upesi. "Lile boksi la sili lilikuja na mbili zimepasuka, unakumbuka, Mama? Huenda na nyingine zilikuwa mbovu."

Nilimtazama. Kama ni sili, kosa ni la kiwanda.

"Kesho asubuhi itatuambia. Usijipendelee mbele ya injini, Zamoyoni."

Sili za valvu, vile vizibo vya mpira, zikiwa zimekufa, oili huchuruzika usiku injini ikiwa imelala, na ukiiwasha asubuhi inakohoa wingu moja zito la bluu, halafu inasafika. Basi tulipomaliza swala ya alfajiri tukaenda kusimama nyuma ya bomba la moshi, mimi, yeye na Mzee Dosa aliyekuwa amelala kwa mpwa wake mtaa wa pili. Zamoyoni akaiwasha. Hakuna wingu. Ilianza safi kabisa. Ilipopata moto na kubeba mzigo, ndipo ubuluu ukaja, polepole, ukakaa.

"Si sili," Zamoyoni akasema. Hakuniangalia.

Nikaweka kipande cha karatasi kwenye pumulio la injini. Ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, zikiwa zimechoka, hewa ya moto hupita pembeni mwa pistoni ikashuka chini na kutokea pale, na karatasi hurukaruka. Karatasi ilitikisika kidogo tu, kama mtu anayepumua usingizini. Tukapima kompresheni, nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya silinda. Silinda ya kwanza nzuri. Ya pili nzuri. Ya tatu, ya nne, zote sawasawa, kama za injini mpya.

Zamoyoni akakaa juu ya tairi. "Haiwezekani. Kompresheni nzuri, na inakula oili?"

"Mzee Dosa," nikaita, "siku za mwanzo uliiendesha taratibu? Uliibembeleza?" Maana ringi mpya zisipofanyizwa kazi mapema, huteleza tu juu ya silinda bila kukaa.

"Nimbembeleze kwani nimemuoa? Siku ya kwanza tu nilimpandisha mlima na maji."

Basi hilo nalo halikuwa.

"Fungua hedi," nikamwambia Zamoyoni.

Vichwa vya pistoni vilikuwa vimekaa pale vinne, vimeshika masizi. Katikati masizi makavu. Pembezoni, mduara mzima, paling'aa kwa unyevu. Oili ilikuwa inapanda kutoka chini. Na mduara ule ulikuwa mmoja kwa zote nne, kama umechorwa na mtu mmoja.

"Silinda moja ikiugua ni ajali," nikasema. "Nne zikiugua sawasawa ni mazoea."

Nilisema kabla sijafikiri. Kisha nikaona uso wa Zamoyoni umebadilika. Mazoea ya nani?

* * *

Kuna namna ya Fundi Bashiru ya kufunga ringi ambayo sijaiona kwa fundi mwingine asiyemfuata. Zamani wote walibana konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, kwenye jiliwa, pistoni ikatazama mbinguni. Majivu yalipoanza kushuka, yeye akaacha. Kila ukifuta vumbi kwenye mifereji ya pistoni, jingine linatua. Akawa anabana konrodi kwapani, kichwa cha pistoni kikaning'inia mbele yake, kama mama anavyomwinamisha mtoto kumwosha nywele asiingiwe na sabuni machoni. Kichwa chini, vumbi lishuke. Ndivyo alivyosema, na ndivyo glavu zilivyojifunza, na sasa gereji zote thelathini na nane zinafanya hivyo.

Zamoyoni alipoitoa pistoni ya kwanza aliibana kwapani bila kufikiri. Akafuta oili, akapitisha kidole kwenye herufi za ringi ya pili.

"Hii hapa. JUU." Akaitazama vizuri. "Mama, mbona iko sawa? JUU iko juu."

Nikaangalia. Ilikuwa kweli. Kwa alivyoishika yeye, herufi zile zilitazama dari.

Nikanyoosha mikono, nikaichukua pistoni kwapani mwake, nikaigeuza jinsi inavyoishi ndani ya injini.

"Soma tena."

Alijiziba mdomo kwa mkono uliojaa oili, wala hakujali.

Ringi za zamani zilitoka ng'ambo, na ya pili iliandikwa TOP. Fundi Bashiru hakusoma Kiingereza, mimi niliishia la saba, na Zamoyoni aliikuta gereji imeshazoea. Kwetu TOP halikuwa neno. Ilikuwa alama, kama chapa ya ng'ombe. "TOP ibusu kichwa," ndivyo tulivyofundishana, na hakuna aliyewahi kuuliza TOP maana yake nini. Mwaka huu ringi za ng'ambo zikaisha, tukaanza kupata za kuchapwa hapa hapa nchini. Boksi la kwanza lilipofika, Zamoyoni alilipeleka mlangoni penye mwanga akasoma kwa sauti, kila mtu akafurahi. "Hata chuma sasa kinasema Kiswahili!" alisema. Na kwa kuwa kilisema Kiswahili, tulikitii. Alama imekuwa neno, na neno linakwambia uelekee wapi.

Ringi ya kwanza haina alama, yaweza kukaa vyovyote, na ndiyo iliyotupa ile kompresheni nzuri ya kutupoteza. Lakini ya pili ina ukingo mkali upande mmoja, kama kijiko cha kukwangulia ukoko. Ikikaa sawa, kila pistoni ikishuka inakwangua oili kuirudisha chini. Ikipinduliwa, inaizoa na kuipandisha motoni. Hainywi kwa sababu imechakaa. Inanywa kwa sababu inanyweshwa.

Tukatoa zote nne. JUU zote nne zilitazama chini.

"Na glavu?" nikamuuliza. "Zilikuvuta wapi?"

Akajifuta ile oili mdomoni.

"Sikumbuki, Mama. Nilisoma tu nikageuza. Nilikuwa nimefurahi."

* * *

Siku iliyofuata tuligeuza ringi, tukapitisha jiwe kidogo kwenye silinda kuondoa mng'ao unaozifanya ringi ziteleze, tukaifunga injini. Asubuhi ya siku ya nne tukaiwasha ikiwa na mzigo kamili, ifanye saa kumi na moja, kazi yake ya siku moja kule Masange. Zamoyoni na Mzee Dosa wakakaa kuilinda kama watu wanaolinda chungu cha pilau.

Nilipomaliza adhuhuri nikaingia chumba cha vifaa peke yangu.

Nilichukua pistoni moja ya zamani, nikaibana kwapani. Nikavaa glavu. Kutoka kwenye kopo la ringi mbovu nikachagua moja ya TOP. Kidole gumba kikapita juu ya herufi, kikazitambua, na papo hapo vidole vyote vikakaza; vikaigeuza ringi kuelekea kichwani, bila haraka, bila shaka. Mvuto ule naujua. Naujua kuliko ninavyoujua uso wangu.

Nikachukua ringi ya JUU.

Kidole gumba kikapita juu ya herufi. Kikarudi. Kikapita tena, kinatafuta. Halafu mkono mzima ukalegea. Haukuvuta huku wala kule. Ulilegea kama mkono wa mtu aliyepitiwa na usingizi katikati ya mazungumzo. Nikarudia mara saba. Mara saba ukalegea.

Hakujua. Angejuaje? Alifariki TOP bado ni TOP. Na pale aliponyamaza, mwanamke aliyekuwa amevaa mikono yake akabaki na neno peke yake.

Sheria ya hilo nayo naijua, nilitia sahihi nilipokabidhiwa utunzaji. Glavu ikilegea katikati ya kazi yake inafutwa kumbukumbu, na nakala zake zote zinafutwa. Hairekebishwi. Walijaribu zamani kushonea nyuzi mpya juu ya mikono ya marehemu, na glavu zikaanza kubahatisha. Fundi wa Mpwapwa alipoteza vidole viwili. Aliyekuwa ameivaa hana kosa, kibati chake kinabaki.

Kwa hiyo jambo lote lilikuwa chini ya kidole gumba changu. Nikifungua kumbukumbu, Zamoyoni amepona na Bashiru ameondoka. Nisipofungua, hakuna wa kujua.

Nitasema kweli: nilipata na njia ya tatu. Nilifikiria kuandikia gereji zote thelathini na nane barua, niwaonye juu ya neno JUU, nisitaje glavu. Injini zote zitapona. Glavu zitabaki. Atakayepotea ni mtu mmoja tu, tena mtu ambaye kweli aligeuza ringi kwa mkono wake. Ilikuwa njia nzuri, haina mahali ilipochubuka. Nikaistarehea. Shetani hupanga vizuri, hasa akimkuta mtu amekaa.

Nje niliisikia injini ikinguruma, na Mzee Dosa akimsimulia Zamoyoni habari za punda aliyegoma kuvuka daraja.

Adhana ya alasiri ikanikuta pale pale. Nikaenda kwenye ndoo kutawadha, nikainua mkono, nikakumbuka. Maji ya udhu hayapiti kwenye glavu. Nikazivua, moja, halafu ya pili, nikaziweka juu ya meza. Tumefundishwa kwamba siku ile ya Kiyama midomo itafungwa na mikono ndiyo itakayosema. Ya Bashiru sina wasiwasi nayo. Niliyokuwa naimwagia maji ilikuwa yangu.

Jioni Mzee Dosa aliivuta stiki ya oili, akaifuta, akairudisha, akaivuta tena. Oili ilikuwa pale pale ilipokuwa asubuhi. Akaenda kunusa bomba la moshi, akarudi anacheka na meno yake matatu.

"Ametubu!" akapiga kelele. "Wallahi mlevi ametubu!"

Alfajiri akafunga punda wake, akaondoka na injini.

* * *

Mkaguzi alikuwa mtu wa Mbulu, Bwana Akonaay, mrefu, mwenye kofia ya sufu na begi lililozeeka vizuri. Alikunywa chai yote kwanza. Kisha akaweka kibao chake cha kuandikia juu ya meza.

"Kosa ni nini?"

Zamoyoni alisimama kabla yangu. "Ringi ya pili ilipinduliwa. Silinda zote nne."

"Mkono ni wa nani?"

"Wangu." Akakitoa kibati msumarini, akakiweka mezani mbele yake.

"Ulikuwa umevaa glavu?"

"Nilikuwa nimezivaa."

"Zilifanya nini?"

Akaniangalia mara moja, haraka. "Glavu hazina kosa."

Hapo nikajua kwamba na yeye alishazijaribu. Sijui lini, pengine nilipokuwa msikitini. Alijua zimelegea, akaamua kuninyamazia.

"Zamoyoni," nikasema, "rudisha kibati msumarini."

"Mama, achana nalo."

"Nimesema rudisha."

Nikavuta boksi la glavu, nikabonyeza kidole gumba kwenye mshono wa kifundoni. Nyuzi zikawaka, mistari ikaanza kushuka kwenye kibao cha Bwana Akonaay. Akasoma. Akarudi nyuma, akasoma upya.

"Zimelegea," akasema. "Mara nne kati ya nne." Akavua kofia, akaishika magotini. "Bi Sikudhani, hii nisingeweza kuifungua bila wewe."

"Najua."

"Na kinachofuata unakijua."

"Najua, mwanangu. Andika."

Hakuandika. "Mimi nilijifunzia glavu hizi. Nakala ya Babati. Nilikuwa sijui hata kushika spana." Akacheka kidogo, kicheko kisichokwenda mbali. Kisha akainamia kibao. "Lazima tuwaonye wengine leo hii. Nitaandika kwamba ringi za JUU zifungwe pistoni ikiwa imesimama."

"Usiandike hivyo," nikasema. "Wakisimamisha pistoni, majivu yataingia kwenye mifereji, na mwakani utarudi kuuliza maswali yako mawili. Waacheni wabane kwapani. Badilisheni neno."

"Neno gani sasa? JUU ndiyo tafsiri ya TOP. Walikaa kamati nzima."

"Kamati ilikaa imesimamisha pistoni," Zamoyoni akasema. Bado alikuwa ameshika kibati. "Wachape KICHWA. Basi. Ukiilaza, ukiisimamisha, ukiining'iniza, kichwa ni kichwa."

Bwana Akonaay alimtazama mdomo wazi. Halafu akaanza kucheka, safari hii kwa kweli, mpaka akapiga meza.

"Kichwa ni kichwa! Kamati nzima, jamani!" Akaandika kwa nguvu. "Wataniuliza wazo la nani."

"Waambie Zamoyoni Salehe," nikasema. "Mwenye kibati."

Alipomaliza akafunga kibao. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ijumaa saa sita zote zinafutwa, kwa pamoja. Ukitaka, baki nazo mpaka Ijumaa. Sheria inaruhusu."

Nilizitazama pale kwenye boksi. Siku tatu. Ningezivaa, ningejua kila saa imebaki ngapi.

"Chukua leo."

Akazipokea kwa mikono miwili, akaziweka ndani ya begi juu ya shuka safi. Akatuaga, akatuombea heri, akaenda.

Zamoyoni alikaa juu ya tairi, machozi yanamtoka bila sauti. "Kibati ningesubiri miaka sita mingine, Mama. Nimeshazoea kusubiri. Yeye utampata wapi?"

"Yeye alishazikwa, Zamoyoni. Watu walisimama safu tatu wakamswalia. Mimi ndiye niliyekuwa bado nambakiza."

"Na wale wa gereji thelathini na nane? Ijumaa watabaki hawana mikono."

"Wana mikono. Nenda hata Sumbawanga leo, mpe yeyote kati yao pistoni akiwa hana glavu. Uone ataibana wapi."

Nilimwona anatazama ovaroli lake, kwapa la kushoto, lile doa la oili ambalo halitoki hata ulifue na majivu. Na mimi ninalo.

Nikamimina chai iliyobaki. Ilikuwa imepoa, lakini ilikuwa na tangawizi ya kutosha, alhamdulillahi. Mwanga wa adhuhuri ulikuwa umekuja vizuri siku hiyo, ukutani niliweza hata kuona kivuli cha dirisha, kitu ambacho tulikuwa hatujakiona tangu kiangazi.

Getini kukasikika magurudumu ya mkokoteni, na minyororo ikigonga chuma kizito.

"Hodi! Tumetoka Kolo, tumeleta injini! Fundi yupo?"

Mkono wangu ukaenda wenyewe mezani zilipokuwa glavu, ukagusa mbao. Nikaurudisha kwenye kikombe. Zamoyoni alikuwa ananitazama, anasubiri niinuke. Nikapuliza chai ambayo haikuwa ya moto.

"Fundi!" wakaita tena.

Zamoyoni akainuka. Akachukua kitambaa, akafuta mikono yake kidole kwa kidole, akakitundika, akarudisha kibati msumarini, akatoka kuwapokea.